KADI ZA TOFI ZA SENTI MOJA: KWA NINI ZIMEKUWA ADIMU

Mazungumzo yangu ya juma hili mwanzoni yataonekana kama ya kitoto. Nataka kuzungumzia tofi. Tena si tofi yenyewe, bali kijikaratasi kilichofungwa pamoja na tofi katika maduka ya Marekani zaidi ya miaka 110 iliyopita, kikiwa na picha ya mchezaji wa besiboli. Tofi iliuzwa senti moja. Ililiwa siku hiyo hiyo ikaisha. Kijikaratasi kilikaa mfukoni mwa mtoto siku mbili tatu, halafu nacho kikapotea. Leo vile vichache vilivyosalia vinauzwa mnadani kwa bei ya gari, na vingine kwa bei ya nyumba.

Watu wengi wakisikia hivyo husema Wamarekani wana fedha za kuchezea. Huenda ni kweli. Lakini mimi naona liko swali kubwa zaidi ya fedha. Kitu kilichochapwa kwa maelfu, pengine kwa mamilioni, kinawezaje kuwa adimu? Nani aliamua kibaki kipi na kipotee kipi? Na je, kitu kikiwa adimu, maana yake ni kwamba kilikuwa na thamani? Tukiyajibu maswali haya kwa kadi za tofi, tutakuwa tumejifunza jambo juu ya historia yenyewe, jinsi inavyotunzwa na jinsi inavyopotea.

Kwanza nieleze mchezo, maana kwetu haujazoeleka. Katika besiboli mtu mmoja hurusha mpira mdogo mgumu, na mwenzake wa timu nyingine huungoja akiwa na gongo. Akiupiga, hukimbia kuzunguka vituo vinne, na akirudi salama pale alipoanzia huipatia timu yake pointi. Mwanzoni mwa karne ya 20 mchezo huu ulipendwa Marekani kama kandanda inavyopendwa kwetu. Televisheni haikuwapo, na matangazo ya redio hayajaanza. Mtoto wa kijijini Ohio au Pennsylvania alilijua jina la Honus Wagner au la Ty Cobb kwa kusimuliwa na kwa kusoma gazeti, lakini sura zao hakuzijua. Basi yule aliyempatia picha ya rangi ya shujaa wake ndani ya tofi ya senti moja alikuwa amekwisha mteka mteja.

Wenye viwanda vya sigara ndio waliotangulia. Tangu miaka ya 1880 walikuwa wakitia kadi katika pakiti za sigara, kwanza ili kuzikaza pakiti zisipondeke, pili ili kumvuta mvutaji anunue nyingine. Seti mashuhuri kuliko zote ilitolewa kati ya 1909 na 1911 na kampuni ya American Tobacco, ambayo wakati huo ilikuwa imemeza karibu biashara yote ya tumbaku nchini humo, hata mwaka 1911 Mahakama Kuu ikaamuru ivunjwe. Wenye viwanda vya peremende walipoona mafanikio ya wenzao, nao wakaingia. Kati ya 1908 na 1911 hivi zikazuka seti nyingi za kadi za tofi: za American Caramel, Philadelphia Caramel, Standard Caramel, Croft's, Nadja, Dockman na wengineo. Wengi wa watengenezaji hao walikuwa Pennsylvania na majimbo ya jirani.

Hapa kuna kisa kidogo kinachofaa kukumbukwa. Kampuni ya American Caramel ilipata nguvu mwaka 1900 iliponunua kiwanda cha tofi cha Lancaster, Pennsylvania, kwa dola milioni moja. Aliyeuza aliitwa Milton Hershey. Mwaka 1893 alikuwa ameona mashine za chokoleti katika maonyesho makubwa ya Chicago, akaamini kwamba tofi ni ya kupita na chokoleti ndiyo ya kudumu. Akauza tofi, akabaki na chokoleti. Jina la Hershey sasa linajulikana dunia nzima. Jina la American Caramel linajulikana kwa wakusanyaji wa kadi tu. Kampuni ilikufa, tofi zake ziliyeyuka, kikabaki kile ambacho kampuni yenyewe ilikihesabu kuwa bakshishi.

Sasa nirudi kwenye swali letu. Mimi naziona njia nne zilizofanya kadi hizi ziwe adimu, na kila njia ina somo lake.

Njia ya kwanza ni ya kawaida kabisa: zilitupwa. Kadi ya sigara ilianzia mkononi mwa mtu mzima, ambaye alimpa mwanawe au aliiweka kwenye sanduku. Kadi ya tofi ilikwenda moja kwa moja kwa mtoto, na mtoto haweki akiba. Watoto wa Marekani walicheza kamari ya kadi hizo, wakizirusha ukutani na yule ambaye yake iliangukia karibu zaidi na ukuta akizoa zote. Walizikata kingo, wakazitoboa, wakaandika juu yake, wakazibandika kwa gundi ya unga. Halafu mtoto akakua, akaenda kazini au vitani, na mama yake akasafisha chumba. Na wakati wa Vita Kuu ya Pili wananchi wa Marekani walihimizwa kutoa karatasi chakavu zisagwe kwa mahitaji ya vita, watoto wa shule wakapita nyumba hadi nyumba kuzikusanya. Hatujui ni masanduku mangapi ya kadi za zamani yaliyokwenda humo, kwa sababu hakuna aliyeona haja ya kuyahesabu.

Njia ya pili ni sukari yenyewe. Mfano mzuri ni Cracker Jack. Nikitaka kuieleza kwa mtu wa pwani, nitasema ni ndugu wa kashata: ni bisi na karanga zilizopikwa kwa molasi, zikauzwa katika boksi. Walioianzisha ni Frederick Rueckheim, Mjerumani aliyehamia Chicago baada ya moto mkubwa wa 1871, pamoja na ndugu yake Louis. Mwaka 1914 waliamua kuweka ndani ya kila boksi kadi ya mchezaji wa besiboli. Seti ilikuwa na kadi 144, picha zikiwa kwenye ardhi nyekundu inayong'aa, na nyuma ya kadi kampuni ilijigamba kwamba inachapa mamilioni. Kadi ikazama katika bisi zenye molasi, ikatikisika safari nzima kutoka kiwandani hadi dukani, na ilipofika kwa mtoto ilikuwa imekwisha kunyonya mafuta na kupata madoa.

Mwaka uliofuata, 1915, kampuni ilitoa seti nyingine, safari hii ya kadi 176, ikaongeza jambo moja dogo. Mteja aliyetuma kuponi 100, au kuponi moja na senti 25, aliletewa kwa posta seti nzima, safi, isiyopita kwenye molasi. Kwa hiyo leo kadi za 1915 zilizo safi zinapatikana, lakini za 1914 zilizo safi ni za kutafutwa kwa tochi. Wachezaji karibu ni wale wale, karatasi ni ile ile, mchapaji anafanana. Tofauti ni bahasha ya posta. Tazama jinsi uamuzi mdogo wa karani wa mauzo, asiyekuwa na nia yoyote ya kutunza historia, ulivyoamua ni mwaka gani utakaoonekana vizuri miaka 100 baadaye.

Kule California nako palikuwa na kisa cha namna hiyo. Kampuni ya Collins-McCarthy ya San Francisco ilitoa kadi zilizoitwa Zeenut tangu 1911 hadi 1938, zikiwa na picha za wachezaji wa ligi ya pwani ya Pasifiki. Kwa miaka mingi kadi hizo zilikuwa na kuponi chini yake, mtoto anaikata na kuipeleka kupata zawadi. Watoto wakazikata, kama walivyoambiwa. Leo kadi yenye kuponi yake ni adimu kuliko kadi yenyewe. Yaani kilichosalia kizima ni kile cha mtoto mvivu au msahaulifu.

Njia ya tatu ni ya hila, na hapa ndipo mfanyabiashara anapoonyesha rangi yake. Kampuni nyingine zilitangaza kwamba mtoto atakayekamilisha seti nzima atapewa zawadi, kama mpira au glavu. Ahadi ni nzuri. Lakini kadi moja ilichapwa kwa uchache mno, kiasi kwamba karibu hakuna aliyeweza kukamilisha. Mwaka 1932 kampuni ya U.S. Caramel ya Boston ilitoa seti ya wanamichezo 32. Miaka mingi baadaye wakusanyaji walikuwa na kadi 31 tu. Kadi namba 16 haikuonekana. Baadhi yao wakaanza kuamini kwamba haikuchapwa kamwe. Ilikuja kujitokeza katika miaka ya 1980, nayo ni ya mchezaji Fred Lindstrom, na zinazojulikana zinahesabika kwa vidole. Lindstrom alikuwa mchezaji hodari, lakini si uhodari wake uliomfanya adimu. Ni hesabu ya mtu wa stoo aliyejua bei ya mpira.

Mwaka 1933 kampuni ya chingamu ya Goudey, nayo ya Boston, ilifanya kama hivyo ikapita kidogo. Seti yake ilihesabiwa hadi namba 240, lakini namba 106 haikutolewa. Watoto wakanunua chingamu wakitafuta namba 106, wakanunua tena, wasiione. Wengine wakaandika barua za malalamiko. Mwaka 1934 kampuni ikachapa kadi hiyo, picha yake ikiwa ya Napoleon Lajoie, mchezaji wa zamani aliyeacha ligi kuu tangu 1916, ikawatumia kwa posta wale waliolalamika, ikiwa imebanwa kwenye barua kwa kibanio. Ndiyo maana kadi nyingi za Lajoie zina alama ya kibanio mpaka leo. Nikikitafakari kisa hiki nasema: wanyonge wasiolalamika hawakupata kitu, na wale waliolalamika walipata kadi ambayo sasa ni mali. Mtoto asiyelia hapewi titi, wahenga walisema, na maneno hayo yamefika hata Boston.

Kabla ya kuitaja njia ya nne, niwaelezeni kwanza mtu mmoja, kwa sababu bila yeye tusingejua hata ni kadi zipi zilizopo na zipi hazipo. Jina lake Jefferson Burdick. Alizaliwa mwaka 1900, akaishi Syracuse katika jimbo la New York, akafanya kazi katika kiwanda cha vifaa vya umeme. Hakuwa tajiri, hakuoa, na ugonjwa wa baridi yabisi ulimkaza viungo tangu akiwa bado mtu wa makamo. Burdick alikusanya kila aina ya karatasi iliyochapwa kwa biashara: kadi za sigara, za tofi, kadi za posta, lebo, matangazo. Watu wa wakati wake waliziona takataka. Yeye aliamini kwamba ni picha za maisha ya watu wa kawaida, ambazo hazimo katika vitabu.

Kuanzia miaka ya 1930 akatoa orodha kuu ya kadi za Marekani na kuzipanga kwa herufi. Za sigara za karne ya 20 akazipa herufi T, na zile za kale za tofi na chingamu akazipa herufi E. Herufi na namba hizo ndizo zinazotumika hadi leo. Mkusanyaji akisema E90, mwenzake anajua ni American Caramel. Akisema E145, ni Cracker Jack. Mwaka 1947 Burdick akaanza kuutoa mkusanyo wake wote, zaidi ya vipande 300,000, kwa jumba la makumbusho la Metropolitan mjini New York. Si kwamba aliutoa akaondoka. Kwa miaka mingi alibandika vipande hivyo mwenyewe katika albamu, na mwishoni alihamia New York ili awahi kumaliza, vidole vikiwa vimekakamaa kiasi kwamba kazi ya gundi ilikuwa mateso. Alimaliza mwezi Januari 1963. Miezi miwili baadaye akafariki. Katika vipande hivyo, kama 30,000 hivi ni kadi za besiboli, na Burdick mwenyewe hakuwa mshabiki wa mchezo huo. Alitunza si kwa sababu alipenda besiboli, bali kwa sababu aliona kwamba asipotunza yeye, hakuna mwingine.

Sasa njia ya nne, ambayo ndiyo iliyonisukuma kuandika mazungumzo haya. Kadi nyingine ni adimu kwa sababu hazikuchapwa kabisa.

Ukizichukua seti zote nilizozitaja, za American Caramel, za Cracker Jack, za Goudey, ukazipanga mezani, utaona mamia ya sura. Utaona watoto wa wahamiaji wa Kijerumani, Kiayalandi na Kifaransa. Utawaona wachimba makaa na wakulima. Utamwona Joe Jackson, mtoto wa kiwanda cha nguo huko Carolina Kusini, asiyejua kusoma wala kuandika, katika kadi ya American Caramel iliyochapwa alipokuwa amecheza mechi 10 tu za ligi kuu kwa timu ya Philadelphia. Kadi hiyo imekwisha kuuzwa kwa mamia ya maelfu ya dola. Lakini Mmarekani mweusi hutamwona. Tangu Moses Fleetwood Walker alipocheza Toledo mwaka 1884, wenye timu walifunga mlango kwa makubaliano yasiyoandikwa, na mlango huo haukufunguliwa hadi tarehe 15 Aprili 1947, siku Jackie Robinson alipoingia uwanjani na timu ya Brooklyn.

Katika miaka hiyo 60 na zaidi weusi hawakukaa bure. Mwaka 1920 Rube Foster aliongoza kuundwa kwa ligi ya taifa ya weusi huko Kansas City. Walikuwa na viwanja, magazeti na mashujaa wao. Alikuwapo Oscar Charleston, ambaye waliomwona walimlinganisha na Ty Cobb. Alikuwapo Satchel Paige, mrushaji aliyezunguka nchi nzima akijaza viwanja. Alikuwapo Josh Gibson, mpigaji wa kutisha, aliyefariki Januari 1947 akiwa na umri wa miaka 35, miezi mitatu tu kabla ya Robinson kuingia. Watoto weusi wa Pittsburgh na Chicago walinunua tofi za senti moja kama watoto wengine. Senti yao ilipokelewa. Lakini walipofungua karatasi, hawakuikuta sura ya shujaa wao hata siku moja.

Ukitaka sura hizo lazima uvuke bahari hadi Kuba. Kule weusi na weupe walicheza pamoja msimu wa baridi, na wachapaji wa Kuba waliwachapa wote bila kuchagua. Oscar Charleston yumo katika kadi za sigara za Billiken za msimu wa 1923 na 1924, alipochezea Santa Clara. Na msimu wa 1945 na 1946 ilitoka seti ya peremende iliyoitwa Caramelo Deportivo, kadi 100 za karatasi nyembamba, zikiwamo za Wamarekani weusi waliokwenda kucheza Havana. Kadi hizo zilikusudiwa kubandikwa katika albamu, na watoto wa Kuba walizibandika. Kwa hiyo iliyosalia bila gundi mgongoni ni adimu mno. Ama Satchel Paige, alipoingia ligi kuu mwaka 1948 akiwa na umri wa miaka 42, ndipo kampuni ya Leaf ya Chicago ilipomchapa, na kadi yake ni moja ya zile zilizotolewa kwa uchache katika seti hiyo. Josh Gibson hakuwahi. Alikufa bila kuwekwa katika tofi yoyote ya nchi yake.

Mwezi Desemba 2020 wakuu wa besiboli ya Marekani walitangaza kwamba ligi za weusi za 1920 hadi 1948 zihesabiwe kuwa ligi kuu. Mwaka 2024 takwimu zake zikaingizwa katika kumbukumbu rasmi, na wastani wa upigaji wa Josh Gibson ukawekwa juu ya ule wa Ty Cobb. Ni haki iliyochelewa, lakini ni haki. Namba zinaweza kurudishwa kwa kupekua magazeti ya zamani. Kadi haiwezi kurudishwa. Unaweza kuchapa kadi ya Gibson leo, na zimechapwa, lakini huwezi kuipeleka nyuma ikawe mkononi mwa mtoto wa Pittsburgh mwaka 1935.

Wasikilizaji wangu, hapo ndipo ninapotofautiana na wale wanaopima kila kitu kwa bei. Soko la kadi lina tabia ya ajabu. Kadi mashuhuri kuliko zote ni ile ya Honus Wagner ya sigara, ambayo katika miaka ya 1930 ilithaminiwa dola 50, na moja ikauzwa dola milioni 7.25 mwaka 2022. Zinajulikana kama 60 hivi. Lakini ziko kadi za tofi, kwa mfano zile za Breisch-Williams za Oxford, Pennsylvania, za mwaka 1903 na 1904, ambazo nyingi hazifikii hata 10 zinazojulikana, na bei zake ziko mbali chini ya ile. Kwa upande mwingine, kadi za Mickey Mantle za kampuni ya Topps za 1952 zimesalia nyingi zaidi, na bado moja iliuzwa dola milioni 12.6 mwaka huo huo wa 2022. Kwa hiyo uadimu peke yake hauleti bei. Bei huletwa na watu wanaokumbuka. Mantle alitazamwa kwenye televisheni na watoto waliokuja kuwa matajiri. Mchezaji wa 1903 hana tena mtu anayemkumbuka.

Kadi hiyo ya Mantle nayo ina kisa. Kwa maelezo ya Sy Berger, mtu wa Topps aliyeibuni, masanduku ya kadi za 1952 ambazo hazikuuzwa yalipakiwa kwenye tishari mwaka 1960 yakamwagwa katika bahari ya Atlantiki, kwa sababu yalikuwa yanajaza ghala bure. Watu waliposikia visa kama hivyo, wakapata akili ya kinyume. Katika miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990 Wamarekani walinunua kadi mpya kwa masanduku na kuzihifadhi wasizifungue, wakiamini zitawasomeshea watoto. Kampuni nazo zikachapa mabilioni. Matokeo yake? Kila mtu alitunza, hakuna aliyetupa, na leo kadi nyingi za miaka hiyo hazifikii hata bei ya karatasi iliyozifunga. Anayetunza kwa tamaa, akitunza pamoja na wenye tamaa wenzake wote, hana alichotunza.

Linganisha na kilichotokea mwaka 2012 katika mji mdogo wa Defiance, Ohio. Familia moja ilikuwa inasafisha dari ya nyumba ya marehemu mzee wao, aliyekuwa na duka la nyama zamani hizo. Chini ya nyumba ya mwanasesere wakakuta boksi, na ndani yake kadi kama 700, zimefungwa kwa uzi. Zilikuwa za seti ya kale ya tofi ya 1910 hivi, ile ambayo Burdick aliiita E98. Zilikuwa safi kana kwamba zimetoka kiwandani juzi, kwa kuwa hazikupata kugusana na tofi wala na mtoto. Kadi 37 za mwanzo zilizopigwa mnada mwaka huo zilileta zaidi ya dola nusu milioni, zikiwamo za Wagner na Ty Cobb. Mzee yule hakuwa na mpango wowote. Alisahau tu, na kusahau kwake kukawa hifadhi. Lakini hatuwezi kujenga makumbusho kwa kutegemea watu wasahau vizuri.

Basi kwa nini nimewaletea haya? Kwa sababu kila nyumba ina karatasi zake. Tiketi ya mechi ambayo babu aliishuhudia, kalenda ya duka lililokwisha fungwa, kipeperushi cha bendi ya zamani, lebo ya soda isiyotengenezwa tena, picha ya timu ya mtaa yenye majina nyuma. Hizi ndizo kadi zetu za tofi. Hazina bei leo, na huenda zisiwe na bei kesho, na mimi simwahidi mtu kwamba atatajirika. Ninachosema ni kwamba atakayeandika habari za mtaa wako miaka 100 ijayo atategemea kilichosalia, na kilichosalia kitategemea nani alisafisha chumba na aliona nini cha kuacha. Ukiweza, andika nyuma ya picha jina na mwaka. Ni kazi ya dakika moja.

Na ukiona mkusanyo wowote, uwe wa kadi, wa vitabu au wa picha katika jumba la makumbusho, usiishie kuuliza kilichomo. Uliza pia nani hayumo, na ni nani aliyeamua asiwemo. Kadi iliyotupwa, siku moja yaweza kupatikana darini. Kadi iliyofichwa, siku moja yaweza kujitokeza kama ile namba 16. Ile ambayo haikuchapwa haina dari ya kutafutwa. Yule mtoto wa Pittsburgh alilipa senti yake kama wenzake, na anadai mpaka leo.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo kwa juma hili. Tukijaliwa, tukutane juma lijalo.